Kikapu cha Sudan Kusini: urefu uliogeuzwa mbinu

Timu ya taifa ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Sudan Kusini ilifuzu Olimpiki ya Paris 2024 bila kucheza mechi hata moja ya kufuzu mjini Juba. Huko kikapu huchezwa nje, kwenye viwanja kama Nimra Talata, na mvua ikishuka mchezo husimama mpaka sakafu ikauke.

Kazi ilianza kwa kukusanya watu. Luol Deng, mzaliwa wa Wau aliyecheza NBA misimu 15, alishika urais wa shirikisho mwaka 2019 akawafuata watoto wa wakimbizi kokote walikotawanyika: Bul Kuol na Sunday Dech walikulia Australia, Wenyen Gabriel Marekani, Khaman Maluach Uganda. Wengi wao wana maumbo yanayokaribiana, warefu wa mikono na wepesi wa miguu. Kilichopungua ni mtu wa kuongoza mchezo. Pengo hilo lilizibwa na Carlik Jones, mzaliwa wa Cincinnati aliyepewa uraia. FIBA, shirikisho la kikapu duniani, huruhusu mchezaji mmoja tu wa namna hiyo katika kikosi.

Kocha Royal Ivey aliyafanya maumbo hayo kuwa mbinu. Mpinzani anaposimama kumziba mlinzi ili mwenzake apenye na mpira, walinzi wa Sudan Kusini hawahangaiki kumzunguka. Hupokezana watu papo hapo, maana karibu kila mmoja anaweza kumkaba yeyote. Ufa uliotafutwa hauonekani. Mtupo ukikosa, aliyeudaka mpira huondoka nao mwenyewe bila kumsubiri Jones, huku wenzake wakikimbilia kona kungoja pasi ya pointi tatu.

Mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2023 zilileta ushindi 11 na kipigo kimoja. Katika Kombe lenyewe, huko Manila, China ililala 89-69, Ufilipino 87-68, kisha Angola 101-78 tarehe 2 Septemba, matokeo yaliyotoa tiketi ya Paris. Ila Serbia ilikuwa imeshinda 115-83, dalili kwamba chini ya kikapu timu ilikuwa nyepesi.

Mechi inayokumbukwa zaidi haikuwa hata ya mashindano. London, tarehe 20 Julai 2024, Marekani ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 58-44, ikaponea kwa kikapu cha LeBron James zikiwa zimebaki sekunde 8: 101-100. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki, jijini Lille, ulipigwa kwanza wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wa kwao. Wachezaji wakasimama kimya, kisha wakaifunga Puerto Rico 90-79, timu iliyowashinda Manila kwa muda wa nyongeza.

Marekani ilikuwa imejifunza. Zilipokutana tena tarehe 31 Julai, Joel Embiid, mkubwa wa mwili lakini mzito wa kukimbizana, hakuingia kabisa; Bam Adebayo akatoka benchi na kufunga 18. Kupokezana watu kukakutana na kupokezana watu, na matokeo yakawa 103-86.

Mechi ya mwisho, tarehe 3 Agosti, ilikuwa dhidi ya Serbia ya Nikola Jokić. Chini ya kikapu Sudan Kusini ilikuwa na Maluach, mwenye zaidi ya mita 2.1, lakini alikuwa na miaka 17 tu. Serbia ilishinda 96-85, na Sudan Kusini ikaishia kwenye makundi.