Kiambishi -na- na Hali ya Kuendelea ya Kiingereza: Ulinganisho Usiofaa

Ni desturi iliyokita mizizi katika madarasa yetu kumweleza mwanafunzi kwamba wakati uliopo wa kuendelea wa Kiingereza ni sawa na kiambishi -na- cha Kiswahili. "He is writing", huambiwa, ni "anaandika". Mfano huo ni sahihi. Kanuni inayojengwa juu yake si sahihi.

Kwanza, -na- kina mawanda mapana zaidi. "Anafundisha Kisumu" husemwa hata mwalimu akiwa likizoni, na "anajua Kiarabu" haielezi tendo linaloendelea bali hali. Kiingereza, kwa kawaida, hakikubali kitenzi cha kujua, kumiliki au kuamini kichukue umbo la kuendelea. Mwanafunzi aandikapo "I am knowing" hakuteleza kwa uvivu. Ametii kanuni tuliyompa. Nami niliyatia makosa hayo wino mwekundu kwa miaka kadhaa kabla ya kutambua kwamba kosa lilikuwa la mwalimu.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, vipo vitenzi ambavyo Kiingereza huvitia katika hali ya kuendelea ilhali Kiswahili huvipa -me-. "The child is sleeping" ni "mtoto amelala". Vivyo hivyo husemwa amesimama, ameketi, amevaa kanzu. Asemwaye "anavaa kanzu" yungali akiingiza mikono. Mfasiri akiishika kanuni ya darasani, mhusika wake hatamaliza kuvaa hadi mwisho wa riwaya.

Tatu, Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi siku zote. Katika Hamlet ya Shakespeare, Polonius anamwuliza mwana wa mfalme anasoma nini, naye hatumii umbo la kuendelea, ingawa kitabu ki mkononi. Basi tunakipima Kiswahili kwa kipimo ambacho wenyewe wamekibadilisha.

Hapana budi -na- kielezwe kwa kulinganishwa na wenziwe: -a-, -me- na hu-. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kutenga -a- na -na-. Sisi tumerudi nyuma ya hapo. Mwalimu na aanze na aina ya kitenzi, kama ni cha tendo au cha hali, ndipo aje kwenye kiambishi. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kuwaadhibu wanafunzi kwa makosa yetu, na sarufi ya Kiswahili itabaki kivuli cha sarufi ya wengine.