Macho Hayana Pazia

Wahenga wametuachia neno kwamba macho hayana pazia. Aghalabu hutumiwa kumpa udhuru mtu aliyeona asichotakiwa kukiona. Leo nalileta katika jambo jingine, ambalo wapenzi wa fasihi hulijadili kila riwaya mashuhuri inapogeuzwa filamu: je, yafaa mtu aisome kwanza ndipo aitazame, au yote ni mamoja? Wapo wasemao kuwa kitabu ni kitabu na picha ni picha, kila kimoja kina ladha yake, na utaratibu wa kuvipokea hauna uzito. Mimi simo katika hao. Nashikilia kwamba anayetangulia kuingia akilini ndiye anayechora sura, na anayefuata hukuta ukuta umekwisha kupakwa rangi. Kwa hiyo ni heri atangulie yule anayetuachia sehemu kubwa zaidi ya kazi tuifanye wenyewe, nayo ni maandishi.

Nisieleweke kuwa nakitukuza kitabu kwa sababu tu ni kitabu. Sisi watu wa pwani tunajua kuwa kazi zetu nyingi bora zilitufikia kwa sikio kabla ya jicho. Habari za Fumo Liyongo zilisimuliwa na kuimbwa muda mrefu kabla Muhammad Kijumwa wa Lamu hajauandika utenzi wake mwaka 1913. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 nao umepokewa na wengi kwa kusikia, bila ya kuiona hati yake. Lakini sauti ya mghani ina adabu moja na maandishi: hukupa neno, ikakuachia sura. Kila mtoto aliyesikia urefu na nguvu za Liyongo alimjenga Liyongo wake, na hakuna aliyemwambia kuwa amekosea. Ushairi wetu wote umesimama juu ya adabu hiyo. Mshairi akitaja jahazi, hakulazimishi jahazi la nani.

Nichukue mfano wa hapa nilipo. Ruaruke imo wilayani Kibiti, katika nchi ya delta ya Rufiji. Nanyi wa visiwani mnaijua delta hii hata kama hamjafika, kwa kuwa boriti za mikoko yake zilipakiwa majahazini zikaenda kubeba dari za nyumba za Unguja na za Arabuni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikarudi kujificha katika mikono ya mto huu. Ikazingirwa humo miezi mingi, hadi tarehe 11 Julai 1915 ilipopigwa na Waingereza, na mabaharia wake wenyewe wakaimalizia isije ikaangukia mikononi mwa adui. Kutokana na kisa hicho Wilbur Smith, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Zambia, alitoa riwaya yake Shout at the Devil mwaka 1968. Manowari aliibadilisha jina akaiita Blücher, na matukio akayachanganya apendavyo. Mwaka 1976 riwaya ikageuzwa filamu na Peter Hunt, na nyota wake wakawa Lee Marvin na Roger Moore.

Filamu hiyo haikupigwa Rufiji. Sehemu yake kubwa ilipigwa Afrika Kusini, katika zama za ubaguzi wa rangi, na mto unaouona humo si mto wetu. Tena kuna mhusika aitwaye Mohammed, mtumishi wa mwindaji haramu wa tembo. Filamu imemfanya bubu, na aliyemwigiza ni Mwingereza, Ian Holm. Hebu tafakari, msomaji: aliyepewa jina linaloitwa katika kila mtaa wa pwani ndiye aliyenyimwa ulimi.

Riwaya yenyewe si malaika. Imebeba dharau za wakati wake, na wenyeji humo mara nyingi wako pembeni mwa mambo ya wengine. Lakini msomaji wa Ruaruke akikutana na neno “Rufiji” katika ukurasa, mwandishi hana uwezo wa kumzuia asiijaze delta aijuaye: mkoko na mchu, msinzi na mkomafi, maji yanayopanda na kushuka mara mbili kwa siku, mtumbwi uliokwama matopeni ukingoja bamvua. Mgeni ametoa jina. Nchi ameiweka msomaji. Mtazamaji hakupewa nafasi hiyo. Mto wa kusini umekwisha kumpita machoni ukiitwa Rufiji, na macho, kama tulivyosema, hayana pazia. Basi mtu wa Tanga au wa Pemba ambaye hajafika huku ataibeba picha ile maisha yake yote akidhani ameiona delta.

Mfano wa pili ni jirani wa huo. C. S. Forester alichapisha The African Queen mwaka 1935. Waingereza wawili, Rose Sayer na fundi Allnut, wanateremka mto kwa mashua mbovu ili wakaizamishe meli ya Wajerumani ziwani. Mto wenyewe ameuita Ulanga. Watu wa bonde hili wanalijua jina hilo, kwani Ulanga, au Kilombero, huungana na Luwegu ukawa Rufiji, na maji yake hupita kwetu kwenda Bahari ya Hindi. Hayaendi ziwa lolote. Mwaka 1951 John Huston aliitolea filamu, akaipiga Kongo na Uganda, na Humphrey Bogart akapata tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake.

Katika riwaya, mashua inazama kwa dhoruba kabla ya kutimiza kazi yake. Wajerumani wanawakamata wawili hao na kuwakabidhi kwa Waingereza, na meli inakuja kuzamishwa na boti za jeshi la maji. Katika filamu, mashua hiyo hiyo iliyozama ndiyo inayoilipua meli, wakati ambapo wawili hao wako tayari kunyongwa. Mwisho wa filamu unaburudisha zaidi, sikatai. Lakini aliyeanza nao hawezi tena kuupokea mwisho wa Forester kwa haki. Atauona kuwa ni upungufu, kana kwamba mwandishi aliishiwa baruti. Hatalisikia neno chungu lililomo, kwamba watu wadogo huweza kutoa kila walicho nacho vitani, na vita visiwe na haja nacho. Na meli halisi ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, ilikuwa na mwisho wa tatu: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba.

Huenda msomaji akasema: hao ni wageni walioandika kwa ajili ya wageni wenzao. Je, ikiwa kitabu ni chetu, na filamu imepigwa kwa Kiswahili, mahali pale pale? Kwa bahati njema mfano tunao. Adam Shafi, mwandishi wa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, aliitoa Vuta N’kuvute mwaka 1999, na kwa miaka mingi imesomwa katika kidato cha tano na cha sita. Amil Shivji aliitolea filamu mwaka 2021. Ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, ikiwa ya kwanza kutoka Tanzania kufika huko, na mwaka 2022 nchi ikaipeleka kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Kisa ni cha Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mtu mzima asiyempenda. Anaikimbia ndoa hiyo, na katika maisha mapya anakutana na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Kiingereza Unguja.

Hapa hakuna mto wa kuazima. Vichochoro ni vya Unguja, taarabu ni taarabu, na Kiswahili hakikuwekwa kama kachumbari pembeni mwa sahani. Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika wamewapa Yasmin na Denge miili yenye heshima. Hata hivyo kuna mmoja ambaye filamu haikuweza kumchukua, naye hana jina: ni msimulizi. Kitabuni Adam Shafi husimulia kama mzee wa barazani asiye na haraka. Hucheka, hukawiza, humkejeli askari wa mkoloni, kisha hurudi kwenye kisa kana kwamba hakuondoka. Riwaya huvuka bahari hadi Mombasa na kurudi, na Mwajuma wa Ng’ambo, aliyempokea Yasmin jamaa zake walipomkataa, hupata kurasa za kuwa mtu kamili na si msaada wa njiani tu. Filamu ya saa moja na nusu haina wasaa huo. Imekikaza kisa kuzunguka mapenzi na siasa za wawili.

Simlaumu Shivji. Nimefasiri mashairi kwa miaka mingi, na najua kuwa hakuna kuvusha bila ya kumwaga. Mfasiri mwaminifu huchagua cha kumwaga ili kilichobaki kifike salama. Lakini ili mtu akijue kilichomwagwa, sharti awe ameuona mtungi ulipokuwa umejaa. Aliyesoma kwanza huitazama filamu hii kwa faida maradufu: huona alichoamua mwongozaji, na huona kuwa ni uamuzi. Asiyesoma huona kisa tu, akadhani ndicho hicho.

Hoja nzito dhidi yangu hailetwi na wale wa mamoja. Huletwa na mwalimu anayeuliza: hicho kitabu kiko wapi? Vijijini kwetu riwaya haiuzwi dukani pamoja na sukari na sabuni. Filamu hufika kwa simu, na kabla ya simu ilifika katika mabanda ya video. Huko wasimulizi, kama yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walizungumza kwa Kiswahili juu ya picha za Kizungu na za Kihindi, wakifafanua, wakitia chumvi, wakimwonya mhusika. Wapo wasomi waliowadharau. Mimi nawaona ni jamaa za mghani. Watu wetu walipoletewa picha katika lugha isiyo yao hawakuridhika nayo. Walidai neno, na wakatokea wa kulitoa.

Hoja ya mwalimu naipokea. Asiye na kitabu na atazame, maana kukosa vyote viwili ni hasara kubwa zaidi, na filamu nzuri huweza kumtuma mtu akitafute kitabu. Ila tusiufanye uhaba wa vitabu kuwa kanuni ya ladha. Mwenye njaa hula akipatacho, nasi hatuandiki kitabu cha mapishi kwa kuifuata njaa yake. Tena dawa ya uhaba huo tunayo tangu zamani. Nakala moja ikisomwa kwa sauti hutosheleza darasa zima, au baraza zima baada ya swala ya alasiri. Riwaya ya Adam Shafi ni nyepesi mdomoni. Imeandikwa na mtu mwenye sikio.

Basi rai yangu kwa walimu, kwa vikundi vya utamaduni na kwa wenye mabanda ni hii: kabla ya kuionyesha Vuta N’kuvute, someni hadharani sura mbili au tatu za mwanzo. Mwachieni kila msikilizaji usiku mmoja akae na Yasmin wake na Denge wake. Kesho yake washeni filamu, na baada yake waulizeni waliohudhuria nani anafanana na nani, nini kimeachwa, na kwa nini. Watakaobisha kuwa Denge wao hakuwa na uso ule, hao tayari wamekuwa wasomaji.