Telekomande ikipotea, nani anapunguza sauti?

Leo niongelee kitu kidogo: butoni za juu ya saundiba, ile spika ndefu yenye tunaweka chini ya televizio. Watu wakilinganisha hizi mashine, wanaangalia bezi, wati na bei. Mimi naomba tuangalie kama mtu yeyote wa nyumba anaweza kupunguza sauti kwa kutumia mashine yenyewe, bila telekomande. Kwetu Bukavu telekomande inapotea kila mara: mtoto ameipeleka nje, ao mapile zake zimeingia kwenye tochi siku ya delestaje.

Kwa upande huo, Bose Solo 5 ya 2015 naona iko ya mwisho kabisa. Haina hata butoni moja mwilini. Telekomande yake ni kubwa, iko na namba, inaongoza mpaka televizio yenyewe, na watu wengi wanasifu namna maneno yanasikika vizuri. Lakini siku telekomande haionekani, umebaki na ubao mweusi unaopiga kelele, na dawa ni kuchomoa kwenye prizi.

JBL Bar 2.1 Deep Bass njo inanifurahisha. Juu iko na butoni nne: kuwasha, kupunguza, kuongeza, kubadilisha chanzo. Mbele kuna ekra ndogo inaandika kwa herufi kama uko kwenye televizio ao kwenye Bluetooth. Hiyo ekra watu wanaidharau, lakini linganisha na saundiba zingine za bei ya chini zenye taa moja tu inayobadilisha rangi. Maana ya rangi imeandikwa kwenye kitabu, na kitabu kilitupwa pamoja na karto. Na mwanaume asiyetofautisha nyekundu na kijani afanye nini? Lawama yangu kwa JBL ni moja: bezi inarekebishwa kwa telekomande, wakati ile bezi njo majirani wanakuja kulalamikia saa nne ya usiku.

Sasa Sonos Beam. Hii haina butoni za kusukuma, ni alama za kugusa, na kwenye karto hakuna telekomande. Unatumia ile ya televizio, aplikasiyo ya simu, ao kidole. Nikubali kwamba kuna akili ndani yake: haikuulizi chanzo, televizio ikianza kusema yenyewe inaifuata.

Ila kuhusu kugusa, mniruhusu niingize agronomia. Alama ya kugusa inafanya kazi karibu sawa na sonde fulani tunazopimia unyevu wa udongo. Zote zinasoma uwanja wa umeme unavyobadilika maji yakikaribia. Kwa kipimo hicho maji yako karibu 80, udongo mukavu kati ya 3 na 5, hewa 1. Kidole chako wewe wa ofisi ni laini, kimejaa maji, mashine inakiona mara moja. Kidole chenye kimeshika jembe miaka 30 kiko na ngozi nene na kavu. Mashine inakisoma kama ule udongo wa mwezi wa saba. Nyumbani, kwa saundiba ingine ya kugusa ambayo sitaitaja, mama mukubwa aligonga mara tatu, akaniangalia: “Mutoto yangu, hii kitu inanikataa.” Yeye njo alitoa franga nyingi za kuinunua.

Hapo naona mambo si ya urembo tu. Ukiondoa butoni, unachagua nani atakuwa chef wa saloni: mwenye simu. Wengine watamuomba. Asiyeona vizuri pia anaachwa, sababu alama laini haina kitu cha kushika. Hata simu zetu za zamani zilikuwa na kadoti juu ya 5. Na aplikasiyo haiko ya kuaminiwa sana. Mwezi wa tano 2024 Sonos ilitoa mpya, kazi zingine za zamani zikakosekana, kama kupanga muziki ujizime wakati umelala. Wateja walikasirika, na Januari 2025 mkurugenzi Patrick Spence akaondoka. Butoni ya plastiki haipati “mise à jour” usiku ikaamka bila kazi yake.

Mukienda dukani, muombe muuzaji aweke telekomande mfukoni mwake. Mufunge macho, mujaribu kupunguza sauti, kisha kuzima. Mukiweza, mufikirie bei.

Sisi tumeweka tone la gundi kavu pembeni ya alama ya kupunguza. Mama mukubwa sasa anaipata hata gizani. Kukubaliwa, hiyo bado inategemea kama ametoka kuosha vyombo.