Honnold, Taipei 101, na kamba ambayo hatukuoneshwa

Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2026, grupu zetu za WhatsApp zilijaa video moja: Alex Honnold, Mmarekani wa miaka 40, anapanda jengo la Taipei 101 kule Taiwan, mita 508, bila kamba. Netflix ilikuwa inaonesha moja kwa moja. Ilimchukua kama saa moja na nusu. Wengi wetu hatukuwa na mega za kuangalia yote, tukaona vipande tu: mkono, kioo, watu wako ndani ya ofisi wanamupungia, kisha yeye juu kabisa anajipiga picha. Chini ya video watu wakaandika kwamba wenye kuthubutu njo wanafika. Hata mimi niliiweka kwenye statiti yangu, na maneno makali juu ya vijana waliosoma ambao wanaogopa kujitupa.

Nyuma ya siku tatu nikaifuta. Nataka niseme sababu.

Nilirudia kuangalia Free Solo, filme ya Elizabeth Chai Vasarhelyi na Jimmy Chin ya mwaka 2018, ile iliyopata Oscar mwaka 2019. Inaeleza namna Honnold huyuhuyu, tarehe 3 Juni 2017, alivyopanda jabali la El Capitan kule Yosemite, California: zaidi ya mita 900, njia inayoitwa Freerider, saa 3 na dakika 56, bila kamba hata moja. Mara ya kwanza niliiangalia nikiwa mwanafunzi, na nilichokumbuka ni kizunguzungu tu. Safari hii niliangalia saa. Filme inakaa karibu saa moja na dakika 40. Kupanda kwenyewe bila kamba kunakuja mwishoni, kama dakika 20.

Sasa zile dakika zingine zote zinaonesha nini? Zinaonesha kamba. Honnold anapanda njia ileile akiwa amefungwa, anashuka, anarudia. Anasugua mahali pa kushika. Anaandika kwenye daftari: mkono huu hapa, mguu ule pale. Anaenda mpaka Taghia, Moroko, kufanya mazoezi na rafiki yake Tommy Caldwell. Kuna kipande kimoja kigumu sana, Boulder Problem, ambapo mahali pa kushika ni padogo mno na inabidi kurusha mguu wa kushoto mpaka ukuta wa upande mwingine. Pale hakwenda kubahatisha. Alirudia mpaka mwili ukajua kwa kichwa, sawa vile mtoto anavyojua njia ya kwenda kisimani gizani.

Sisi wa agronomi tuko na jina la kazi ile: parseli ya majaribio. Unajaribu padogo, unaandika, unakosea bila kufilisika, kisha njo unapanua.

Lakini kwangu mimi, kipande bora cha filme ni kile ambacho hakuna mtu aliyekiweka kwenye statiti. Mwaka 2016 Honnold anaanza kupanda gizani bila kamba, anafika kwenye mwamba laini wa chini ambapo miguu inashikwa na msuguano tu, na anasimama. Hajisikii sawa. Anarudi. Kamera ziko pale, marafiki wako pale, mwaka mzima wa kazi uko nyuma yake, na mtu anasema leo hapana. Waliotengeneza filme wangeweza kukata kipande kile. Walikiacha, na kwa sababu hiyo tunaamini kile kinachofuata.

Wanajishtaki pia wao wenyewe. Wanajiuliza mbele yetu kama kamera zao zinaweza kumsukuma rafiki yao kwenye kifo. Siku ya kupanda, mpiga picha Mikey Schaefer anageuza uso, hawezi kuangalia kile anachokirekodi.

Siko nasema filme haina kasoro. Iko nazo mbili kubwa. Ya kwanza ni ile sehemu ya hospitali, ambapo wanapima ubongo wa Honnold na kukuta kwamba sehemu inayohusika na woga haiamki kirahisi. Inavutia, lakini inaharibu somo. Mtazamaji anapumua na kusema: kumbe alizaliwa hivyo! Daftari lote linasahaulika. Na hata hivyo, kipimo cha siku moja hakiwezi kutuambia kama ubongo ule ulizaliwa hivyo ao ulifundishwa na miaka mingi ya kupanda. Ya pili ni Sanni McCandless, mchumba wake wakati ule, leo bibi yake. Mara nyingi filme inamuweka sawa kizuizi kwenye njia ya shujaa. Lakini ukimsikiliza vizuri, yeye njo anauliza maswali ambayo sisi sote tungeuliza. Mtu anayekupenda na kukuuliza hesabu si adui wa mradi wako.

Turudi Taipei. Nikubali kwanza yaliyo ya haki. Honnold alikuwa amelichunguza jengo mbele ya siku ile. Mvua iliponyesha, waliahirisha kwa siku moja, hawakulazimisha. Na jengo lenyewe liko na mpangilio: katikati kuna sehemu nane za gorofa nane nane, zinazofanana, na kati yake anaweza kupumzika. Mwaka 2004 Mfaransa Alain Robert alilipanda akiwa na kamba ya usalama, ikamchukua kama saa nne. Kwa mikono na miguu peke yake, si kazi moja na El Capitan. Hatari yake ni kurudia kitu kilekile mpaka uchovu uje.

Shida yangu ni namna ya kuonesha. Matangazo ya moja kwa moja yanaanza mtu akiwa chini ya jengo na yanaisha akiwa juu. Mwaka wa mazoezi hauwezi kuingia pale. Na picha zilikuwa zinacheleweshwa sekunde chache kabla ya kutufikia. Sekunde zile ni kukiri: walijua vizuri kile ambacho pengine wangelazimika kutuficha. Free Solo ilitengenezwa na watu waliokuwa tayari kwamba filme isimalizike. Tangazo limeshauzwa tarehe na saa. Mtu akitaka kusema leo hapana katikati ya njia, anamwambia dunia nzima. Kisha sisi tunakata tena, tunabakia na sekunde 30, na tunaziita somo la maisha.

Mwaka 2025, mwezi wa kumi, kijana mmoja wa Alaska, miaka 23, alikufa pale El Capitan wakati watu walikuwa wanamfuata kwenye TikTok. Yeye alikuwa na kamba. Alikuwa amemaliza njia ngumu, anashuka kidogo kufungua mizigo iliyokwama, na akapita mwisho wa kamba. Kwa hiyo hata kamba peke yake haitoshi, inabidi ujue inaishia wapi.

Kwa nini jambo hili linanichoma? Nyuma ya lisansi, nilisikia maneno yaleyale: jitupe, usiogope. Nikachukua zamu ya likelemba ya mama, dola 400, nikapanda tomati kwenye ares 25, katikati ya mvua, kwa sababu bei ilikuwa juu. Mimi, mwenye diploma ya agronomi! Nilijua mildiou. Niliijibu kwenye mtihani. Lakini sikujaribu padogo, sikuweka pesa ya mankozebe kwa mvua ya wiki zinazofuatana, na madoa ya kwanza yalipoonekana kwenye majani niliona haya kumwambia mtu. Kwa siku kumi shamba likawa jeusi. Mama hakunifokea. Aliniuliza tu kama walimu wetu walitufundisha hivyo.

Hakuna aliyepiga picha ya shamba lile. Kwenye statiti za vijana waliosoma kuna vilele tu, na anayesoma anafikiri kila mtu alipanda bila kamba, kasoro yeye.

Kwa hiyo kama uko na mega za kitu kimoja tu, acha Taipei, angalia Free Solo, na usiruke kule mwanzo. Msimu huu mimi nimepanda ares mbili, aina tatu za mbegu, na daftari. Mama alikuja kuona, akauliza: ni hii tu? Nikamwambia ndiyo, kwa sasa ni hii tu.

Na ninyi mliojaribu ikashindikana, andikeni hapa chini ilishindikana wapi. Vilele tumeshaviona vingi.