Kulia kwa nani?

Mtume mtoto wa miaka sita dukani, atarudi na unga na chenji kamili. Mgeni akimuuliza duka hilo liko wapi, atanyoosha kidole, aseme "kule", kisha atangulie ili mgeni amfuate. Njia anaijua kwa miguu. Kinachomshinda ni kumwelekeza mtu ambaye hatembei naye.

Jean Piaget wa Uswisi, pamoja na Bärbel Inhelder na Alina Szeminska, walilichunguza jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1948 kuhusu mtoto na jiometri. Waliwataka watoto waeleze njia ya shuleni na kuiunda upya kwenye mchanga. Wadogo walisimulia mwendo wao wenyewe, majengo wakayapachika baadaye. Na hata kabla ya hapo Piaget alikuwa ameshaonyesha kwamba mtoto huutambua mkono wake wa kulia akiwa na takriban miaka 5, ila mkono wa kulia wa mtu anayemkabili humchanganya hadi karibu miaka 8.

Maelekezo mengi huharibikia hapo. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Seymour Papert. Mwaka 1967, yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walibuni Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, ambayo baadaye ilimwendesha "kobe": kwanza roboti sakafuni, kisha alama kwenye skrini. Mtoto humwamuru aende mbele hatua kadhaa, ageuke kulia nyuzi kadhaa. Kobe akielekea chini ya skrini, kulia kwake ni kushoto kwa mtoto anayemtazama. Anayekwama huambiwa ainuke, atembee yeye kama kobe. Tazama pembetatu ya pande sawa: mtoto huandika "geuka nyuzi 60", kama kona inavyopimwa daftarini, na umbo halifungi. Akiitembea, anagundua kwamba kwenye kila kona mwili umegeuka nyuzi 120.

Nyumbani kompyuta si lazima. Mtoto akisema "kata kulia", muulize: hapo umeelekea wapi? Usimsahihishe kwanza, mwache asimame, ageuke, ajibu. Taratibu atajifunza kuifunga kona kwenye kitu kisichohama: "Ukifika kwenye mwembe, upe msikiti mgongo, halafu kata kulia." Kwa maneno hayo, hata bodaboda anayetokea upande wa pili wa mtaa atafika.