Majina Yaliyozuiwa

Sarufi nyingi za Kiarabu zilizoandikwa Ulaya huyaita majina kama Ahmad na Ibrahim "diptota", neno la Kigiriki lenye maana ya jina la hali mbili. Kwa Kilatini istilahi hiyo inafaa: fors, yaani bahati, hutumika katika hali mbili tu, fors na forte. Kwa Kiarabu inapotosha.

Tulinganishe majina mawili. Muhammad likiwa kiima ni Muhammadun. Likiwa yambwa, Muhammadan. Baada ya kihusishi, Muhammadin. Ahmad halipokei tanwini: kiima ni Ahmadu, na penginepo pote pawili ni Ahmada. Miisho ni miwili, lakini kazi bado ni tatu. Mwanafunzi aliyeambiwa "hali mbili" atadhani moja imepotea.

Wanasarufi wa Kiarabu hulitaja jina hili kwa kile lilichozuiliwa: mamnuu, lililopigwa marufuku tanwini. Neno hilo linamlazimisha mwanafunzi kuuliza sababu, nayo ipo. Ahmad ni jina la mtu lenye umbo la kitendo. Ibrahim ni la mtu na tena la kigeni. Aidha, marufuku huweza kuondolewa. "Katika misikiti" ni fi masajida. Ikitangulia al, kasra hurudi: fil-masajidi. Hesabu ya "mbili" haielezi jambo hilo hata kidogo.

Kwa hiyo nawashauri waandishi wa vitabu vyetu vya Kiarabu waandike "jina lililozuiwa tanwini". Ni refu, lakini linafundisha.