Meza Hukaguliwa Chini

Likasi, katika Katanga nchini Kongo, ni mji wa watu wanaoishi nje. Nyumba za kambi za wafanyakazi zilijengwa ndogo, familia zikawa kubwa, na tangu hapo mambo mazito ya nyumbani hufanyika barazani au chini ya mwembe: kupokea wakwe, kuhesabu mahari, kumsimamia mtoto anayeandika kazi ya shule, kula bukari, yaani ugali, wakati joto la Oktoba limefanya sebule isikalike. Shughuli zote hizo zinataka meza. Meza mpya ya mbao ngumu ina bei yake, na bei hiyo haimfai mwalimu wala mchuuzi wa makala. Basi watu hununua meza kuukuu iliyokaa miaka mingi sebuleni kwa mtu mwingine, huifanyia kazi, kisha huitoa nje. Kazi hiyo haina cheti wala chama. Mimi naisifu kwa sababu inamtaka mtu afikiri vizuri kabla ya kushika msasa, na kwa sababu haimruhusu kusema kwamba amekwisha kuimaliza.

Meza hizi zina asili yake. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na Likasi, mji uliokua juu ya shaba yake, ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wake. Mwaka 1967 mali ya kampuni ilichukuliwa na serikali, na baadaye shirika jipya likajulikana kwa jina la Gécamines. Mfanyakazi alipata nyumba, unga, shule na hospitali. Bomba likivuja au ukuta ukichakaa, fundi wa kampuni alikuja. Wazee wangali wanasema, "Kampuni njo baba, njo mama." Kisha baba akaugua. Shaba iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, baada ya miezi mingi ya kazi bila mshahara. Katika miaka hiyo kabati, viti na meza vilitoka majumbani vikaenda kuuzwa. Kwa hiyo anayenunua meza ya zamani katika mitaa ya Panda au Kikula mara nyingi hununua kipande cha maisha ya nyumba fulani, na inampasa kukishika kwa adabu.

Muuzaji atakuonyesha juu, maana juu ndiko kulikosuguliwa asubuhi ile kwa kitambaa chenye mafuta. Wewe ipindue. "Mama, punguza kidogo." "Papa, hii ni mbao ya zamani, si ya sasa." Huenda asemalo ni kweli, lakini ushahidi uko chini. Huko hakuna aliyepaka rangi, kwa hiyo ubao unasema ulivyo: uzito wake, nyuzi zake, tundu za dumuzi, alama za maji. Kingo zikionyesha tabaka nyembamba za tripleksi, au unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi, iache. Gundi ya aina hiyo ilikusudiwa ndani ya nyumba. Ikilowa mara kwa mara huachia, na tabaka hufunuka. Tazama pia viungo. Meza iliyofungwa kwa tundu na ulimi, ikakazwa kwa kijiti cha mbao, inaweza kufunguliwa na kufungwa upya. Ile iliyopigwa misumari mitupu italegea msimu wa kwanza, na misumari itatoa kutu na kuchora madoa meusi kuizunguka. Ukibahatika, chini ya uchafu utakuta mulombwa, mti ambao Watanzania huuita mninga. Seremala huupenda kwa sababu mbili: hauliwi upesi na wadudu, na unapokauka au kulowa haujikunji sana.

Baada ya kununua huja kazi ya kuvua nguo za zamani. Samani nyingi za sebuleni zilipakwa shelaki, utomvu wa mdudu wa Asia unaoyeyushwa kwa spiriti. Hung'aa vizuri mno, lakini maji huifanya nyeupe na pombe kali huiyeyusha. Panapomwagika lutuku, pombe kali ya kienyeji, shelaki hulewa kabla ya mnywaji. Tabia hiyo ni msaada kwa fundi: tone moja la spiriti likilainisha ung'avu huo, amejua anashughulika na nini, na kitambaa kitafanya kazi ambayo msasa ungeifanya kwa jasho. Rangi ya mafuta ya zamani ni habari nyingine. Risasi ilitiwa katika rangi kwa miaka mingi, na hatari yake haikuwa siri; mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 ulikwisha kuwekea mipaka risasi nyeupe katika kazi ya upakaji rangi majumbani. Rangi usiyoijua isisuguliwe kavu, wala watoto wasicheze karibu. Ilowanishe, uikwangue kwa chuma chembamba au kipande cha kioo, uyakusanye makapi. Ukifika kwenye ubao mtupu, msasa uende na nyuzi, kamwe usizikate.

Hapo ndipo mtu asiyeijua kazi hukimbilia kopo la vanishi. Anayeijua hukaa kwanza na kujiuliza meza hii itapigana na nani. Katanga ina misimu miwili isiyooneana huruma. Tangu Mei hadi Septemba karibu hakuna mvua. Hewa hukauka, usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi, na ubao hutoa unyevu wake ukasinyaa. Kuanzia Novemba mvua hunyesha hadi Machi au Aprili, na ubao uleule hunywa na kutanuka. Hutanuka kwa upana. Kwa urefu haubadiliki sana. Meza ya ndani ina mbao zilizobanana bila mwanya. Ikitolewa nje hivyohivyo, mbao zitasukumana Januari na kupasuka Agosti. Kwa sababu hiyo fundi mzuri hufungua uso wa meza, akaacha upenyo mwembamba kati ya ubao na ubao ili maji yapite na mbao zipumue. Hachelei kuharibu umbo la asili. Meza inabadilishiwa kazi, na umbo linafuata kazi.

Maji hayaingii kila mahali kwa kasi moja. Kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata nyuzi, ni kama fungu la mirija iliyo wazi. Hunywa kwa kasi mara nyingi zaidi ya uso wake. Ndiyo maana meza hufa kuanzia miguuni, huku juu kungali kuzuri. Kuvu inayoozesha mbao haianzi kazi mpaka unyevu upite takriban asilimia 20 ya uzito wa ubao mkavu. Siri yote ya kuzuia kuoza imo katika hesabu hiyo: acha ubao ulowe ikibidi, lakini upe njia ya kukauka upesi. Miguu isimame juu ya jiwe au tofali, isizame udongoni ambako mchwa anangoja. Vichwa vya mbao vipewe mafuta mara nyingi kuliko mahali pengine, mpaka vikatae kunywa.

Jua nalo lina namna yake. Likasi iko takriban nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,300, na miale ya huko ni mikali. Huvunja lignini, kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, ubao ukageuka kijivu na kuwa na manyoya. Vanishi isiyo na rangi huruhusu miale kupita. Ubao hufa chini yake, vanishi hukosa cha kushika, ikaanza kubanduka vipande vipande, na maji yakiingia kwenye nyufa hizo hayatoki tena. Kuitengeneza ni lazima uikwangue yote uanze upya. Mafuta ya kitani yana unyenyekevu zaidi. Huingia ndani, hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewa, na yakichoka hayabanduki: unasugua kidogo, unapaka tena. Yakichanganywa na rangi nyekundu ya oksidi ya chuma huzuia jua vizuri zaidi. Yapakwe membamba, na yanayobaki juu yafutwe, maana yakiachwa mazito hunata na kushika uvundo. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe vikauke. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Mafuta ya mawese hayafai, kwa kuwa hayakauki. Oili chafu ya magari, ambayo wengi huipaka kwenye nguzo ili kumfukuza mchwa, haina nafasi mahali wanapokula watoto.

Na kuna jambo la kushangaza kidogo. Adui mkubwa wa kuvu ya mbao ni shaba. Katika karne ya 19 Mfaransa Auguste Boucherie alihifadhi nguzo za simu za waya kwa kuzinywesha salfati ya shaba, na hadi leo dawa nyingi za mbao za nje zina shaba ndani yake. Kiwanda chetu cha Shituru, kilichoanza mwaka 1929, huyeyusha madini katika asidi ya salfuriki, kisha hutoa shaba safi kwa umeme. Yaani maji yanayojaa matangi yake ni salfati ya shaba. Mji mzima umekaa juu ya dawa ya mbao, na meza zake huoza miguu. Simwambii mtu aitumbukize meza ya chakula katika kemikali. Dawa ya shaba ni ya miguu tu, na isiguse mahali pa sahani. Tena sumu ya vumbi la migodi inatosha: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga. Meza ya nje ifutwe kwa kitambaa cha maji kabla ya kila mlo.

Ninachokiheshimu zaidi katika ufundi huu ni kwamba matunzo yana mwenyewe. Enzi za kampuni, ukarabati ulikuwa na ofisi yake. Mtu aliandikisha shida akangoja. Ofisi ilipofungwa, wengi waliendelea kungoja, na kuta zikaanguka. Meza iliyopakwa mafuta haimpi mtu nafasi ya kungoja. Kabla ya kila masika itadai mkono wake, naye akiupeleka ataona faida papo hapo. Sioni somo bora la uraia kwa mji wetu.

Kwa kazi hii msitu nao unapumua. Mulombwa huhitaji karibu karne moja kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Ndugu yake, mukula, alikatwa kwa pupa kusini mwa Katanga na kusafirishwa nje, mpaka mwaka 2019 akaingizwa katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa. Mwaka 2022 mulombwa ukafuata. Kila meza ya zamani inayookolewa ni mti uliokwisha kukatwa ukiendelea kulipa deni lake.

Basi, ndugu msomaji, ukikuta meza ya bei ndogo kando ya barabara, usiidharau kwa madoa yake. Ipindue, ikague, ilipie kwa haki, uifanyie kazi bila haraka. Na kila mwezi wa tisa, mawingu yangali mbali, ipindue tena uipake miguu mafuta. Kama huwezi kuahidi hilo, iache sebuleni. Meza ya nje ni ya mtu aliye tayari kuitunza.